Sikukuona

Dereva wa lori la maziwa alishuka,
akanikuta nimeketi kando ya njia, kona ya Sandviken,
gurudumu la baiskeli yangu bado likizunguka hewani.
Mikono yake ilitetemeka kuliko yangu.
"Sikukuona," alisema. Kisha tena, kama anayejisuta:
"Sikukuona."

Ilikuwa Novemba, saa kumi na moja jioni,
na Bergen jua lilikuwa limekwisha kufunga duka.
Mvua ya kwetu hainyeshi, inakaa,
mpangaji asiyelipa kodi wala kuhama.
Na koti langu lilikuwa jeusi,
kwa sababu mama, Mungu amrehemu, aliamini
nyeusi husitiri uchafu
na mwanamke wa heshima haonwionwi ovyo.

Jumamosi nikaenda dukani kwa Sindre,
kijana wa ndevu nyekundu na magoti ya mkimbiaji.
Nataka koti moja, nikamwambia. Moja tu.
Siku za kazi naendesha baiskeli hadi maabara ya samaki,
Jumapili nakimbia na Oddlaug mpaka kileleni Fløyen,
na mfuko wangu haujui kuhesabu mpaka mbili.

Akakuna ndevu.
Baiskeli inataka mgongo mrefu, ukiinama usiachwe kiuno nje;
mbio zinataka mfupi, usikuchape mapajani.
Baiskeli inataka mikono ifike viganjani,
mbio zinataka...
Mshika mawili, nikajisemea.

La manjano: kwenye kioo nikaona limau lenye zipu.
La chungwa lilichakacha kila nilipoinua mkono,
kama mtu anayefungua peremende katikati ya mahubiri.
La tatu lilinipendeza, na bei yake ilikuwa ya kibinadamu.
Nikaligeuza, nikapitisha ukucha juu ya mishono:
yote imezibwa kwa utepe, hakuna tone litakalopenya.
"Ni kweli," Sindre akasema, "lakini halipumui.
Dakika kumi za mlima, utalowa kwa mvua yako mwenyewe."

Mvua hiyo naijua.
Mwaka mzima baada ya Halvard kuondoka
nililowa hivyo hivyo,
nje mkavu kabisa,
na watu wakinisifu.

La nne lilikuwa la kijivu, kijivu cha maji ya kuoshea vyombo,
na zipu za kupumulia chini ya kwapa,
na mkia wa nyuma unaokunjwa na kufungwa kwa vifungo viwili.
Hili? Si ndilo lori litanipita juu kabisa?
"Subiri." Akazima taa za duka.
Mzee aliyekuwa akijaribu viatu akaguna gizani.
Sindre akanipa kurunzi: "Ishike karibu na jicho lako."
Akalivaa yeye, akatembea hadi mwisho, kwenye rafu za soksi,
akageuka.

Loo.
Mabega. Mbavu. Mikono miwili yenye viwiko.
Mtu mzima amechorwa kwa moto mweupe
pale palipokuwa na giza na soksi.
Nikaishusha kurunzi hadi kiunoni: akafifia.
Nikaipandisha: akarudi.
"Halina taa," sauti yake ikasema kutoka ndani ya ule mwanga.
"Linarudisha tu, kwa yule yule aliyemulika.
Wewe ukilivaa hutaona kitu. Si lako hilo.
Ni la anayekuja."

Kroner elfu mbili na mia tatu.
Nililipa kwa awamu, na mama alinuna kaburini.

Jumatatu, kona ile ile, lebo ya bei bado ikinining'inia kwapani,
lori la maziwa lilipunguza mwendo
mbali, mbali sana,
kabla hata sijasikia injini yake.
Likanipisha. Dereva akainua mkono,
akauacha juu kidogo kuliko ilivyohitajika.

Alichokiona, anakijua yeye.
Mimi niliona mvua tu.