Mikono Yake Ilitafuta Ukosi

Miaka tisa nimeangushwa na Milembe
katika bohari la pamba la zamani, kule Igogo,
juu ya maranda yaliyofunikwa turubai.
Kazi yangu ilikuwa kuanguka:
kidevu kifuani, kiganja chini, pa!
Kuinuka, kukaza mkanda, kuinama, kuanguka tena.
Medali zote ni zake. Fungu langu ninalo
kwenye bega la kushoto, mvua ikikaribia.

Sare yake ya kwanza fundi Bujiku aliishona
kwa magunia ya unga, uzi juu ya uzi;
kwapani palibaki wino wa kinu: KILO HAMSINI.
Ukosi wake mnene kama kamba ya nanga.
Aliyeushika alidhani kashika,
kumbe kashikwa.

Kisha akaja mtu wa viatu vyeupe na karatasi.
Milembe alikuwa askari magereza, Butimba,
na mama yake alisafishwa damu Bugando
Jumanne na Ijumaa, Jumanne na Ijumaa.
Alisaini akiwa amesimama.
Mwalimu Lukelesha aliukunja mkanda wake taratibu,
akasema neno moja tu:
"Huko hawainami."

Mimi ni mlisha sato. Vizimba vyetu
vinaelea mbele ya Luchelele.
Kila alfajiri napiga kasia, namwaga chakula,
maji yanachemka kwa midomo.
Samaki wa kizimba hunenepa upesi
na hajui kama ziwa lina ng'ambo.
Nilitaka kumwambia hilo.
Nikamwambia, "Kila la heri."

Usiku wa pambano walimfungia mlango wa waya.
Glovu nyembamba, vidole nje, miguu mitupu,
na mbele yake Wankuru wa Tarime,
mabega yakiteleza kama kamongo.
Nikaiona mikono ya Milembe ikipanda
kutafuta ukosi.
Hakuna ukosi.
Ikashuka kutafuta mkono wa koti.
Hakuna koti.
Ngumi ya kwanza ikamkuta bado anatafuta.

Halafu, sijui alipapataje, akapata shingo,
akaingiza nyonga kama alivyoniingizia mimi
mara elfu kumi,
na miguu ya Wankuru ikapita juu ya taa.
Nikasimama nikipiga kelele: "Ipponi!"
Peke yangu, ukumbi mzima.

Na yeye, jamani,
akaachia.
Akarudi hatua mbili,
akanyoosha koti ambalo hakulivaa,
akainama.

Yaliyofuata sina haja ya kuyaandika.
Nyusi ilipasuka. Majaji walihesabu.
Bahasha ilifika Bugando kabla uvimbe haujapungua,
na mama akauliza kwa nini noti zote ni mpya.

Wiki ya tatu akaniita bohari.
"Njoo bila koti," alisema.
Nikaja na fulana niliyolishia samaki.
Hatukuinamiana. Sikujua niweke wapi macho.
Akaniingia, nikaruka, nikaanguka vizuri,
kidevu kifuani, kiganja chini, pa!
nikangoja, kama miaka yote,
mkono wake uje kuniinua.

Mkono ulikuja. Ukapita chini ya kidevu.

Nikapiga turubai mara mbili.
Alihesabu kimoyomoyo, nilimsikia pumzi:
moja,
mbili,
tatu,
ndipo akaniachia.