Gauni la Nane

Nilimshonea Kavata magauni saba.
Kila usiku wa onyesho, nyuma ya jukwaa,
pini mdomoni mwangu, yeye akisema: "Kaza."

Waziri alileta maua.
Karani wa forodha akaleta mshahara wote.
Uso wake ukachongwa kwenye sabuni,
Ngara nzima ikajisugua kwa shavu lake,
na wake wa wakubwa, wakishamsengenya saluni,
wakaomba wasukwe kama yeye.

Jana nilimkuta Pangani, pazia nusu.
"Mwanga wa mchana hauna adabu," alisema,
akanitolea kipande cha sabuni ile:
hakijaonja maji,
kimepasuka shavuni.

Kisha akainua mikono, kama zamani.
Nikamzungushia futi kiunoni.
Namba sikuitaja.
"Kaza," akasema.