Mpangaji wa Gome

Mazoya alishusha kuni kabla ya adhana,
za milima ya Mpwapwa, alisema,
akahesabu noti kwa kulamba kidole, akaondoka.
Nikavuta gogo la kwanza kuliingiza jikoni
na mkono wangu ukagusa nyuzi:
za kijivu, zimejibana kwenye gome
kama mlenda uliokaukia ukingoni mwa chungu.
Jani hakuna. Hata moja.
Nikadhani kiota kilichovurugika,
hadi nilipoona ncha zake, kijani kibichi,
kama mtoto anayetoa ulimi kuonja.

Sikulitia motoni. Sijui kwa nini.
Fundi matofali alikuwa ameshakaa,
anagonga meza kwa kijiko, anataka chai.

Mafundo yalikuwa mawili.
La kwanza nikalibandua kwa kisu, taratibu,
nikalipanda kwenye kopo la mafuta:
udongo mwekundu wa Nkuhungu, samadi ya mbuzi,
maji asubuhi, maji jioni,
nilivyomlea Yudithi: shibisha kwanza, mengine baadaye.
Wiki ya tatu likawa uji.

Bwana shamba Sagembe, anayekula kwangu kwa mkopo,
alichungulia kopo akacheka hadi ugali ukampalia.
"Mama Yudithi, umezika mtu hai!
Hiyo ni okidi, ile isiyo na majani.
Mizizi ndiyo majani yake, ndiyo tumbo, ndiyo mikono."
"Inanyonya mti?"
"Hainyonyi. Imepanga tu."

Imepanga tu!
Mimi mwenye vyumba viwili mwaka wa tisa,
kodi ya miezi sita kwa mkupuo,
nikaenda kulitazama fundo la pili, nililolisahau
kwenye gogo lililoegemea mwarobaini.
Bila udongo, bila samadi, bila mimi,
lilikuwa limeongeza uzi.

Basi nikajifunza kazi ya kutofanya sana.
Gogo nimelitundika kwa waya, uso mashariki,
jua la asubuhi tu;
la mchana huku kwetu hukausha hata salamu.
Maji ya bomba hapana: chumvi yake
naijua kwa weupe unaobaki kwenye sufuria.
Nina ndoo mbili za mvua ya Machi, zimefunikwa,
na Yudithi amekatazwa kufulia.
Chupa ya dawa ya nywele iliyokwisha ndiyo pampu yangu.
Pss, pss, kabla sijawasha moto.
Kijivu kinageuka kijani mbele ya macho,
ndipo unajua imekunywa.
Kisha iache ikauke.
Kiu nayo imo kwenye chakula chake.

Julai, upepo na vumbi, Yudithi akalazwa siku nne.
Nilirudi nikaikuta imesinyaa,
haijafa,
wala haijaninunia.

Novemba mwenye nyumba alifuata kodi yake,
akasimama chini ya mwarobaini, miwani juu ya paji.
"Hiki nini tena?"
Kijiti chembamba kama sindano ya cherehani,
na juu yake maua, meupe,
madogo kuliko punje ninazozipepeta kila siku.
Kila ua lina mkia nyuma, na ndani ya mkia, kwa maneno ya Sagembe,
tone la utamu limewekewa nondo mmoja mwenye ulimi mrefu.
"Nondo gani atakuja Nkuhungu?" nikamuuliza.
Akaomba aongezewe mboga.

Mwenye nyumba aliinama, akahesabu maua: kumi na saba.
Akahesabu na noti: za miezi mitatu.
"Bado mitatu," akasema, lakini kwa sauti ya chini,
kama mtu aliye karibu na mtoto aliyelala.

Usiku nilitoka na tochi ya simu kulitazama tena.
Nikaizima.
Nikaenda nikazima na taa ya kibarazani,
nondo, kama yupo, asije akapotea njia.