Nusu Saa

Mvua ya siku nne imekioza kisima chetu
kwa choo cha jirani, bila kuuliza mahari.

Hapa Mishomoroni maji yameamka meupe,
meupe ya kudanganya.
Nayachuja kwa leso iliyofutika jina,
kidonge kimoja, ndoo moja, mfuniko.
Nusu saa.

Shee kachuchumaa, kikombe cha bati mkononi.
"Mama, maji yameiva?"
Bado.
"Mbona hayachemki?"

Mbona.
Bi Zena hakungoja;
jana tumempakia mkokoteni wa muuza maji,
madumu yakashushwa apate pa kulala.

Nafunua. Yananuka sakafu ya hospitali.
Mwanangu anakunja uso, anakunywa,
anageuza kikombe kuonyesha hakuna tone,
anaomba tena.

Vidonge vimebaki sita.