Maji ya Kuchemsha

Siku ya nane leo Bwana Bhogilal hajala.
Maji tu, tena yaliyochemshwa,
na jua likishazama ng'ambo ya ghuba
hata hayo hayagusi.

Mchemshaji ni mimi,
Lutonja, mkata vitambaa,
miaka kumi na tisa mkasi mkononi.
Alinifundisha: chuja kwanza kwa kitambaa,
kisha kitambaa kisuuze ziwani, polepole,
aliyenaswa humo arudi kwao.
Nilicheka. Mwaloni pale Kirumba
dagaa wanapimwa kwa debe,
sangara wanaburutwa kwa mikia,
na mtu mmoja wa Mtaa wa Rwagasore
anarudisha asichokiona.

Nyavu hauzi. Ndoana hauzi.
Wenzake walipandisha ghorofa kwa nyavu;
yeye, kwa vifungo na zipu, kapata kikohozi.

Siku ya tano walikusanyika chumba cha juu,
familia sita, viatu vimejaa ngazini.
Zikasomwa ndoto kumi na nne
alizoota mamaye Mahavira akiwa na mimba:
tembo mweupe, simba, mwezi, ziwa la maua.
Nazi zikapasuliwa, wakashangilia
utadhani mtoto kazaliwa Bugando dakika ile.
Mama Pushpa akanishushia kipande.
Nilikitafuna nikipima kitambaa cha sare za shule.

Usiku uliofuata wadudu wa ziwa wakaja,
wingu jeusi, moshi usio na moto.
Mtaa mzima taa zinawaka,
asubuhi watu watazoa maiti kwa koleo.
Yeye akazima ya kwake.
Tulikaa gizani tukisikiliza mbawa kwenye kioo,
mvua isiyolowesha.
"Wana siku moja tu," alisema.
"Niipunguze mimi, kwa sababu gani?"

Na leo akashuka ngazi kashika ukuta.
Akaanza na mlinzi.
Akaenda kwa fundi cherehani wa barazani,
kwa mdaiwa aliyetaka kujificha,
akampigia simu nduguye wa Nairobi
waliyenuniana tangu msiba wa mama yao.
Kisha mimi. Viganja pamoja, kichwa chini:

"Michami dukadam, Lutonja.
Kwa neno, kwa wazo, kwa tendo,
nikijua, nisijue, ubaya wangu usizae.
Na zile fedha za sandukuni, mwaka ule.
Sikukutamkia, ila moyoni nilikushuku.
Nisamehe."

Laki mbili na themanini.
Mwanangu alikuwa amelazwa.
Nilizihesabu mara mbili, nikafunga sanduku,
nikarudi kukata kitenge, mstari umenyooka.

Sisi husema tusameheane
kwenye kaburi, kwenye safari,
neno jepesi, kila mtu analo mfukoni.
Leo lilinikwama kooni kama mwiba wa sato.
"Nimekusamehe, bwana," nikasema.
Nikamwibia mara ya pili.

Asubuhi anafungua.
Ndugu wote wamezunguka,
kijiko cha kwanza hulishwa na mtu mwingine,
na katika umati ule akaniita mimi.
Maji ya choroko, vuguvugu.
Kijiko kinatetemeka, tone limeangukia shati lake.
Amemeza.
Anabaki ananitazama, mdomo wazi kidogo,
sijui anangoja choroko,
sijui ananingoja mimi.