Vijineno vya Kambani

Asumini karudi na daftari lenye wino mwekundu,
kumi na moja kwa hamsini,
na chini mwalimu kaandika: vitenzi vyenye mikia havijui kabisa.

Mimi niliishia darasa la saba, pale Mikindani,
lakini miaka minne nimefua mashuka ya wageni wa gesi
huku Shangani, uani, penye karo la saruji,
na Kiingereza changu nilikipata kikiwa kimelowa.
Nikamwambia: daftari liache. Vuta beseni, kaa.

Siku ya kwanza madamu wa ghorofani aliponiita
hakusema hujambo, hakusema naomba.
Hengi ap! akasema, kidole kikaelekea kamba.
Nikadhani nimetukanwa.
Nililia chooni, kisha nikatoka, nikaanika.
Baadaye ndipo nikajua: kwao amri hutoka mlangoni kifua wazi,
na plizi huja nyuma mbio, imeshika shati mkononi.

Sikiliza, mwanangu.
Sisi tunaligeuza neno lenyewe, tumboni mwake:
anika, na jua likipoa, anua.
Kunja, kunjua.
Ziba tundu la karo, zibua.
Shuka ni lilelile, umegeuza pindo tu.
Wao neno hawaligusi.
Wanalisimika kama nguzo ya kamba
halafu wanatuma kijineno kikasimame kando,
ap, dauni, of, auti,
kitoto kinachomfuata mama kisimani
na kumbe ndicho kinachoijua njia.

Ukisema teki, umeshika tu, bado hujafanya kitu.
Teki of: sketi ya shule imekutoka mwilini, iko majini.
Teki dauni: umeanua, na wingu lile la Msimbati halikukuwahi.
Shika ncha hiyo, nami hii.
Ringi auti.
Shuka likajisokota katikati yetu,
yeye akizungusha kulia, mimi kushoto,
maji ya kisima, ya chumvi, yasiyopenda povu,
yakamwagika miguuni, na neno likamwagika nayo.
Akalirudia mara tatu bila mimi kumwambia.

Kisha likaja shati la mjomba wake, Nandonde,
lenye utomvu wa korosho tangu msimu uliopita.
Tukasugua kwa sabuni ya mche. Tukatia ndimu.
Asumini akaliinamia doa, akaliamuru: Kamu auti!
Doa halikusoma shule yoyote.
Sasa nisemeje, mama?
Sema wonti. Wonti kamu auti.
Hiyo ni sentensi nzima, na ni ya kweli.

Usiku akaniletea moja iliyobaki, kaizungushia duara.
Giv ap.
Nikapima: giv ni kutoa. Ap ni juu.
Basi ni dua hiyo, ni kunyanyua viganja
na kumkabidhi Mwenyewe kilichokushinda.
Akacheka mpaka kibatari kikayumba.
Mama, ni kukata tamaa!

Nikanyamaza.
Nikapekua kapu zima kichwani,
foronya, soksi, taulo la yule mgeni aliyeondoka bila kuaga:
sikuona nguo ya kumfundishia hiyo.
Nikamwambia ilaze kwanza kwenye maji,
tutaitazama siku nyingine.

Saa tisa usiku mvua ikapiga bati.
Ningali natafuta kanga gizani
nikamsikia yuko uani tayari, peke yake,
Teki dauni! Teki dauni! anajifokea,
vibanio vinalia ndani ya ndoo,
na mashuka ya watu yanaingia ndani mikononi mwake
kama mgonjwa aliyebebwa.

Soksi moja aliisahau.
Nimeikuta asubuhi hii, kambani, inadondosha tone moja moja.
Sijamwambia.
Nimeiacha pale mpaka atoke shule.