Hadi Thelathini Juni

Barua ya kuacha kazi ilikuwa na mistari mitatu.
Niliiandika jikoni, Duluth, saa nane ya usiku,
theluji ikigonga dirisha kama mdai mwenye adabu.
Neno "masikitiko" nililifuta mara sita,
nikalirudisha mara saba.

Mitihani yote nimeipita.
(Ule wa kodi ulinikataa kwanza, kwa alama mbili,
kama mlango unaobana kidole.)
Zimebaki saa: elfu mbili
chini ya jicho la mwenye leseni,
kana kwamba jasho halijijui
mpaka lipigwe muhuri.

Saa zangu anazo Bwana Kjelstad,
juu ya duka la vyerehani.
Miaka arobaini anawawekea hesabu
wauza matairi, makanisa mawili ya Kilutheri,
na daktari mmoja wa meno, mbishi.
Kikokotoo chake bado kinatema karatasi.
Penseli huzichonga kwa kisu.
Aliwahi kunikalisha siku nzima nikitafuta senti tisa.
"Si senti," alisema, "ni tundu.
Palipopita senti tisa patapita elfu tisa."

Ninakokwenda kuna lifti,
kuna bima, kuna mshahara
unaolipa mkopo wa chuo na kubakiza pumzi.
Nilimwambia hivyo. Akaitikia kwa kichwa,
akaendelea kujumlisha.

Siku ya mwisho nikamwekea fomu mezani.
Saa elfu moja mia nane na sita.
Nafasi ya jina, ya namba ya leseni, ya tarehe.
Akavua miwani. Akaifuta kwa tai.
Akaivaa. Akaivua tena.
Bomba la joto likakohoa ukutani.

"Loretta, leseni yangu ilikwisha Juni.
Barua ya kuihuisha ilikuja, Doris akiwa amelazwa.
Nikaiweka chini ya kitu.
Sikumbuki chini ya kitu gani."

Nikatoa kwanza, nikahurumia baadaye;
ndivyo alivyonifunza.
Julai, Agosti, hadi Januari hii:
elfu moja na tisini na nane, zimekwenda.
Mali bila daftari, husemwa, huisha bila habari.
Zangu zilikuwa na daftari,
tena la wino wa rangi mbili.

Akashika kalamu.
Nakiri: nilitamani adanganye.
Nani angejua? Yeye. Mimi.
Na zile senti tisa.

Akaandika: *Saa 708, hadi thelathini Juni.*
Namba ya leseni akaiandika bila kuitafuta popote,
kama mtu anayetaja jina la mwanawe.
Akanipa karatasi kwa mikono miwili.

Kwenye ngazi nilimtukana,
kimya, kila kipandio na tusi lake.
Nilipofika chini, kwenye vyerehani,
nikakumbuka jambo.
Mwezi wa saba nilimpelekea Doris supu hospitalini,
nikakaa naye, akanionyesha sindano zilivyomchubua mkono,
na nilivyorudi nikaandika kwenye jedwali:
*saa mbili, ukaguzi wa stoo.*
Sikuwahi kuzifuta.
Sasa zimefutika pamoja na wenzake
wasio na hatia.

Jumatatu, ghorofa ya kumi na moja.
Bi Mai See Thao, msimamizi wangu mpya,
ana kalamu ya kidijitali na mafua.
Nje ziwa limeganda, jeupe kama ukurasa
ambao hakuna aliyeufungua bado.
"Karibu," anasema. "Kwenye maombi yako
uliandika karibu elfu mbili. Tuanzie ngapi?"

"Mia saba na nane."

Akaandika.
Akasubiri niongeze neno.
Sikuongeza.